Montségur: kijiji cha juu ya mlima, na ngome inayosimuliwa kinyumenyume

Ukigoogle "ngome za Wakathari" (Wakristo wa zama za kati walioitwa wazushi na Kanisa la Roma) picha ya Montségur haitachelewa kukujia, mlima wa mawe umesimama peke yake kusini mwa Ufaransa, kileleni kuna kuta zisizo na paa, na maelezo chini ya picha ni yaleyale kila mahali: hapa ndo Wakathari walijificha, hapa ndo walizingirwa miezi kumi, na mwaka 1244 wakateremshwa wakachomwa moto watu zaidi ya 200. Stori yenyewe ni ya kweli. Ishu ni hizo kuta. Kuta unazoziona zimejengwa baadaye na upande ulioshinda, baada ya kijiji kilichokuwa pale juu kuondolewa. Kwahiyo watu wanachukua masaibu ya watu fulani wanayabandika kwenye jengo la maadui zao, alafu juu yake wanarundika hazina, kikombe cha Yesu, hekalu la jua na Wanazi, mpaka mtu anayetaka kujua tu nini kilitokea hajui ashike lipi. Ngoja tuichambue taratibu.

Kwanza eneo. Montségur ipo mkoa wa Ariège, pale milima ya Pirenei inapoanza kunyanyuka, ukitokea Toulouse unashuka kusini unaelekea mpaka wa Hispania na Andorra, mji wa karibu unaitwa Lavelanet. Mlima wenyewe wenyeji wanauita pog, ni jabali la mawe ya chokaa, kilele kiko mita 1,207 juu ya usawa wa bahari, na pande nyingi ni genge tupu (mwamba uliokatika wima), njia ya kupandia ya maana ni moja tu. Chini yake, kama mita 300 hivi ukiteremka, kuna kijiji cha leo chenye wakazi mia na kidogo, nyumba za mawe, kanisa, makumbusho ndogo, basi. Hiki kijiji cha chini sio kile cha kwenye stori. Cha kwenye stori kilikuwa juu kabisa, kimeizunguka ngome, na hapo ndo wengi wanapotea kwa sababu wakisikia "ngome" wanapata picha ya askari tu ndani ya ukuta, wakati kilichozingirwa mwaka 1243 kilikuwa kijiji kizima kilichojengewa boma, na wanawake, watoto, wazee, washona viatu na waoka mikate wake.

Wachimbaji wa mambo ya kale wanaigawa Montségur mara tatu, na mimi naona mgawanyo huu unamaliza nusu ya ubishi. Kuna ya kwanza, gofu la zamani ambalo halina mengi ya kusimulia. Kuna ya pili, iliyojengwa kuanzia mwaka 1204 hivi na kuishia 1244, hii ndo ya Wakathari. Na kuna ya tatu, ya baada ya 1244, ambayo ndo unaipiga picha leo. Mwaka 1204 tunaujuaje? Bwana wa pale, Raymond de Péreille, alihojiwa na Inkwizisheni (ile mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi) muda mfupi baada ya kushindwa, akasema mwenyewe kwamba alilijenga upya boma hilo kama miaka arobaini nyuma, kwa kuombwa na viongozi wa Wakathari, kwa sababu kabla ya hapo lilikuwa limebomoka. Rahisi tu, mwenye nyumba kasema nyumba kajenga lini na kaombwa na nani.

Sasa hao Wakathari ni akina nani. Kwa kifupi sana walikuwa Wakristo ambao Kanisa la Roma lilisema sio Wakristo. Waliamini kuna Mungu mwema aliyeumba roho, na dunia hii ya nyama na udongo ni kazi ya mwovu, kwahiyo msalaba kwao haukuwa kitu cha kuheshimu, ubatizo wa maji hauna kazi, ekaristi vilevile. Sakramenti yao ilikuwa moja, kuwekewa mikono, na aliyewekewa mikono aliingia kwenye maisha magumu kwelikweli: hakuna nyama, mayai, maziwa wala jibini (samaki ruksa, divai ruksa), hakuna tendo la ndoa, hakuna kuapa, hakuna kuua, kufunga mara kwa mara na kufanya kazi kwa mikono. Hao walioingia wazungu wa vitabu wanawaita Wakamilifu, wao wenyewe walijiita Wakristo wema, watu wa kawaida waliwaita watu wema tu. Na walikuwemo wanawake, wenye heshima ileile. Waumini wa kawaida hawakubanwa na masharti hayo, wao walioa, wakala nyama, wakaenda vitani, wakangoja kuwekewa mikono karibu na kufa. Hii tofauti ishike vizuri maana bila hiyo huwezi kuelewa kwanini mwaka 1244 wengine walichomwa na wengine wakaachiwa waende zao.

Kilichowasha moto ni mauaji ya Januari 1208, mjumbe wa Papa, Pierre de Castelnau, aliuawa huko kusini na lawama zikamwangukia yule kabaila mkubwa wa Toulouse, Raymond VI. Papa Innocent III akatangaza vita vya msalaba, na safari hii sio dhidi ya Waislamu kule Yerusalemu, ni dhidi ya eneo la Wakristo kabisa. 1209 jeshi likashuka kutoka kaskazini, likaanza na Béziers, Carcassonne ikafuata, kiongozi akawa Simon de Montfort ambaye aliuawa 1218 akiizingira Toulouse. Ukisoma haraka utadhani ni vita ya dini. Ilikuwa ya dini, ila ilikuwa ya ardhi pia, na ya ardhi sana tu, kwa sababu Papa aliruhusu mashamba na maboma ya mabwana waliowalinda wazushi yachukuliwe na atakayeyateka. Mfano wa karibu kabisa na mada yetu: bonde la Mirepoix, chini ya Montségur, lilipewa mshirika wa Montfort anayeitwa Guy de Lévis. Waliokuwa mabwana wa Mirepoix wakabaki bila kitu. Mmoja wa ukoo huo, Pierre-Roger de Mirepoix, akaishia juu ya mlima wa Montségur kama kamanda wa ulinzi, na akamuoa Philippa, binti wa Raymond de Péreille. Hilo jina la Lévis liweke kichwani, linarudi.

Mwaka 1229 mkataba wa Paris ukamaliza vita, Raymond VII wa Toulouse akaapa kuwasaka wazushi mwenyewe na kumuozesha binti yake kwa mdogo wake mfalme, na mwaka 1271 nchi yote ikawa ya taji la Ufaransa. Watu wema wakakosa pa kukaa. 1232 askofu wao, mzee Guilhabert de Castres, akapanda Montségur akamwomba Raymond de Péreille aruhusu pale pawe makao na kichwa cha kanisa lao. Akakubali. Mwaka unaofuata Papa Gregory IX akawapa watawa wa shirika la Wadominiko kazi ya Inkwizisheni, na kuanzia hapo kila aliyekuwa na kitu cha kuogopa huko mabondeni alikuwa anautazama ule mlima.

Maisha ya pale juu yanavutia kuliko vita, kwa maoni yangu, ila ndo yanarukwa kila siku. Jaribu kuwaza kilele chembamba chenye mteremko, watu kati ya 400 na 500, karibu nusu yao Wakamilifu wanaume na wanawake, waliobaki ni familia za mabwana, askari, wapiga mishale, watumishi. Nyumba zimejengwa kwa ngazi, moja inaanzia paa la mwenzake linapoishia, ukuta wa nyuma mara nyingine ni jabali lenyewe limechongwa, kati yake vichochoro vya ngazi ambavyo watu wawili wakikutana mmoja inabidi ajibanze. Chemchemi hakuna, maji ni ya mvua, yanakusanywa kwenye mabirika. Shamba hakuna. Ngano inapanda kwa migongo ya watu na nyumbu kutoka chini, na watu wa vijijini walikuja kuuza na wengine kuleta sadaka. Wakamilifu walishona, walisuka, wanawake walioka mikate, na watu walipanda kutoka mbali kusikiliza mahubiri ya Bertrand Marty (yeye ndo alimrithi Guilhabert uaskofu), wagonjwa wengine walibebwa kupandishwa ili wafie mikononi mwa watu wema. Uchimbaji wa kwenye hizo ngazi umetoa mikasi, vitana, vyungu, vichwa vya mishale, na dadu za kuchezea. Dadu, kwenye makao makuu ya watu wasiokula hata yai. Ndo kijiji hicho, askari wa zamu wanacheza kamari na jirani yao anafunga siku ya tatu kwa mkate na maji.

Raymond VII alikuja kuzingira 1241 ili mfalme aone kwamba anatimiza kiapo, akakaa kidogo akaondoka, kila mtu alijua ni maigizo. Mambo yaliharibika mwaka uliofuata. Usiku wa tarehe 28 Mei 1242 kikosi kutoka Montségur kilishuka mpaka Avignonet, kijiji kilicho njiani kuelekea Toulouse, ambako wachunguzi wa Inkwizisheni, Guillaume Arnaud na Étienne de Saint-Thibéry, walikuwa wamelala na wasaidizi wao. Milango ilifunguliwa kutoka ndani, mwakilishi wa Raymond VII mwenyewe alikuwa kwenye dili. Wakauawa wote kwa mashoka, na rejista zao zikachukuliwa. Kuna ushahidi ulioandikwa kwamba Pierre-Roger, aliyekuwa anangoja kwa mbali, aliuliza kwanini hawakumletea kichwa cha Arnaud atengenezee kikombe cha kunywea divai. Naisema hii makusudi kwa sababu kuna uandishi mwingi unaoipaka Montségur rangi ya malaika watupu. Wakamilifu hawakuua mtu, kweli, ila ukuta uliowalinda ulilindwa na watu walioporwa ardhi na wenye hasira zao, na wote walikula kutoka ghala moja.

Baada ya Avignonet hakukuwa tena na maigizo. Mei 1243 mwakilishi wa mfalme Carcassonne, Hugues des Arcis, alifika na jeshi, pamoja na askofu mkuu wa Narbonne, Pierre Amiel. Utasoma sehemu nyingi kwamba jeshi lilikuwa la watu elfu kumi, hiyo namba usiimeze, askari wengi wa wakati ule walikuja kwa siku arobaini za wajibu wao wakarudi makwao, na lingekuwa jeshi la elfu kumi wakati wote lisingeshindwa kufunga vile vinjia. Maana lilishindwa. Kipindi chote cha majira ya joto na vuli watu walikuwa wanapanda na kushuka usiku, barua zinapita, chakula kinapita, hata fundi wa mitambo ya vita kutoka Capdenac, Bertrand de la Bacalaria, alipenya akapanda kuwasaidia walinzi.

Kilichoubadilisha mchezo ni upande wa mashariki. Kilele cha pog ni kirefu, na mwisho wake wa mashariki, mita mia kadhaa kutoka kijijini, kuna mwamba unaitwa Roc de la Tour, nao ulikuwa na kituo cha walinzi. Usiku mmoja wa majira ya baridi kikosi cha watu wasio na silaha nzito kiliupanda ule ukingo. Stori maarufu inasema walikuwa Wabaski wa milimani, Guillaume de Puylaurens, padre aliyeandika kumbukumbu za vita hivi, yeye anataja askari wepesi wakiongozwa na watu wanaolijua eneo. Na ndiye anayetupa kipande kizuri kuliko vyote: kulipokucha, wapandaji walitazama chini njia waliyoipita wakaingiwa na hofu, wakasema mchana wasingethubutu. Walinzi wa kile kituo walikuwa wameshauawa. Kuanzia hapo wazingiraji walikuwa juu, kwenye usawa uleule na kijiji, wakapandisha vipande vya mtambo mkubwa wa kurushia mawe, kazi iliyosimamiwa na askofu wa Albi, Durand, ambaye alikuwa na kipaji cha mitambo kuliko maaskofu wengi. Mawe ya kilo makumi yakaanza kudondoka juu ya paa za nyumba, mchana na usiku, kwa wiki na wiki. Hapa sasa ukumbuke vile vichochoro na nyumba zilizobanana. Ukuta wa ngome unaweza kuvumilia, paa la nyumba ya familia haliwezi.

Karibu na Krismasi ya 1243 Wakamilifu wawili, mmoja anaitwa Matheus na mwingine Pierre Bonnet, walishuka kwa siri wakiwa na dhahabu, fedha na sarafu nyingi, wakasaidiwa na askari wa upande wa pili waliotoka eneo hilohilo na waliofumba macho. Hii ndo "hazina ya Wakathari" ambayo yutyubu imejaa video zake. Tunaijua kwa sababu mlinzi aliyeitwa Imbert de Salles aliieleza Inkwizisheni. Ni pesa za kanisa, pesa ambazo waumini waliweka amana na kutoa sadaka kwa miaka, na kanisa lolote linalokimbia lingeanza na sanduku.

Mwanzoni mwa Machi 1244 Pierre-Roger alitoka kuongea masharti. Na masharti kwa zama zile yalikuwa mepesi kuliko ungetegemea: boma libaki mikononi mwao siku kumi na tano zaidi, wapiganaji wasamehewe kila kitu pamoja na ile damu ya Avignonet, watu wa kawaida wakiungama waachiwe na adhabu ndogo. Wakamilifu watakaokana imani yao nao watasalimika. Wasiokana, moto.

Siku kumi na tano hizo zimeandikiwa mengi ya kubuni, ila kilichopo kwenye maandishi kinatosha chenyewe. Bertrand Marty na wenzake waligawa mali zao. Chumvi, pilipili manga, nta, viatu, nguo, mafuta, mmoja kaachiwa kipande cha kitambaa. Askari waliokuwa wamewalinda miezi kumi walipewa hivyo vitu mkononi na watu waliojua tarehe watakayokufa, na wiki chache baadaye wakasimama mbele ya mchunguzi, Ferrer, Mdominiko mkali kutoka Catalunya, wakaulizwa ulipokea nini kwa nani, wakajibu kimojakimoja, karani akaandika. Kwahiyo leo tunajua nani alipewa pilipili na nani alipewa viatu. Rejista nyingi tunazisoma kwenye nakala za karne ya 17, za mtu anayeitwa Jean de Doat, aliyepewa kazi ya kunakilisha hati za kusini, zipo maktaba ya taifa Paris.

Tarehe 13 Machi, siku tatu kabla ya kukabidhi, watu kama ishirini ambao hawakuwa Wakamilifu waliomba kuwekewa mikono. Yaani watu waliokuwa na ruhusa ya kuondoka salama walichagua kuingia kwenye orodha ya wanaochomwa. Walikuwemo mabwana, walikuwemo askari wa kawaida, alikuwemo Corba, mke wa Raymond de Péreille mwenye boma, na binti yao Esclarmonde. Mama yake Corba, Marquésia, alikuwa Mkamilifu tayari. Kwahiyo tarehe 16 Machi 1244 Raymond alipoteza mama mkwe, mke na binti kwenye moto mmoja, yeye mwenyewe akabaki hai, na ndiye huyo alikuja kukaa mbele ya karani kueleza boma alilijenga lini na kwa ombi la nani. Watu zaidi ya 200 waliingizwa kwenye uzio wa miti chini ya mlima, ukawashwa. Uwanja unaoonyeshwa leo, wenye jiwe la ukumbusho lililosimamishwa 1960, umechaguliwa kwa mapokeo ya wenyeji.

Na ule usiku wa kukabidhi, Wakamilifu wachache, ushahidi unaelekea kwenye wanne, walifichwa chini ya ardhi alafu wakateremshwa kwa kamba kwenye genge, ili kanisa lisipoteze mali yake iliyokuwa imefichwa msituni. Tena ni zile pesa za Krismasi, waliotumwa walitakiwa kujua zilipo.

Sasa Lévis. Mshindi ni mfalme, ila kwa karatasi eneo lilikuwa la ukoo wa Lévis tangu enzi za Montfort, na mwaka 1245 Guy wa pili wa Lévis aliapa utii kwa mfalme kwa ajili ya Montségur. Ukoo huo ndo ukajenga ngome mpya pale kileleni: ua mrefu wenye pembe tano unaofuata umbo la jabali, mnara mkuu wa mstatili upande mmoja wenye birika la maji, milango miwili inayotazamana na pande mbili za mlima. Ni ngome ya askari wachache wa kulinda eneo, haina nafasi ya kuweka watu mia tano hata ukiwabana, na hilo peke yake lingetosha kuwashtua wanaoisimulia vibaya. Kijiji cha juu hakikurudi. Mkataba wa Pirenei wa 1659 uliposogeza mpaka wa Hispania kusini, ngome za ukanda ule hazikuwa na kazi tena, na Montségur ilikuwa imeshaachwa. Ni kama mtu anunue kiwanja kwa mnada wa kudhulumiana, avunje nyumba, ajenge ya kwake, alafu miaka mia saba baadaye watalii wanapiga selfi kwenye jengo lake wakimlilia mwenye nyumba wa kwanza.

Ukishaelewa hilo, hekalu la jua linajimaliza lenyewe. Kila mwaka tarehe 21 Juni hivi, siku ndefu kuliko zote, watu wanapanda gizani kuona miale ya asubuhi ikiingia kwenye matundu ya mishale ya upande mmoja wa mnara na kutokea ya upande wa pili. Miale inapita kweli, ni kitu kizuri kukiona. Ila huo mnara ni wa akina Lévis, Wakatoliki safi, hakuna Mkathari aliyewahi kukaa ndani yake. Isitoshe jua ni kitu cha dunia ya mwili, watu wenye imani ile wangeliabudia nini?

Kikombe cha Yesu nacho kina wazazi wanaojulikana. Karne ya 19 mchungaji wa Kiprotestanti mzaliwa wa Ariège, Napoléon Peyrat, aliandika historia ya Wakathari kwa mapenzi makubwa na ushahidi mdogo, akamchanganya Esclarmonde binti wa Péreille na Esclarmonde mwingine, dada wa kabaila wa Foix, akapata malkia mmoja wa imani, akatia na mapango ya siri chini ya mlima. Baadaye Mjerumani Otto Rahn, mwaka 1933, akachapisha kitabu kilichounganisha Montségur na ngome ya kikombe kitakatifu ya kwenye ushairi wa Kijerumani wa zama za kati, jina linafanana fanana, ushahidi ndo huo. Rahn akaingia SS, kile kikosi cha Wanazi, 1939 akakutwa amekufa milimani Austria, na kuanzia hapo stori za Wanazi kutafuta kikombe zikapata miguu. Hakuna shahidi hata mmoja wa 1244 aliyetaja kikombe, isipokuwa kile alichokitaka Pierre-Roger, na hicho sidhani kama ndicho wanachokitafuta.

Kosa hilihili limeenea kwa majirani. Peyrepertuse, Quéribus, Puilaurens, zile ngome za kwenye vilele vya milima ya Corbières zinazouzwa kama za Wakathari, kuta zake nyingi zimejengwa na wafalme wa Ufaransa kulinda mpaka na Aragon (ufalme wa ng'ambo ya Pirenei), hasa baada ya mkataba wa Corbeil wa 1258. Jina la Wakathari linauza tiketi, vyumba vya kulala wageni na divai, kwahiyo limebaki. Cha kuchekesha ni kwamba Ufaransa ilipoandaa ombi la Urithi wa Dunia la UNESCO kwa Carcassonne pamoja na ngome hizi za milimani, Montségur ikiwemo, hoja iliyobeba ombi ni ujenzi wa kijeshi wa enzi za kifalme.

Na kuna ubishi mkubwa zaidi ya wa kuta. Wanahistoria kama R. I. Moore na Mark Pegg wanasema hata hilo "kanisa la Wakathari" lenye mafundisho mamoja na mpangilio mmoja limetengenezwa na wachunguzi na wasomi waliolitafuta, kwamba kusini kulikuwa na watu wema wa vijijini wanaoheshimiwa, na Kanisa likawavika nguo ya adui aliyepangika. Wengine wanapinga, wanaonyesha maaskofu, mashemasi na vitabu vya ibada. Mimi nikitazama Montségur naona upande wa pili una nguvu pale: kuna askofu, kuna mrithi wake, kuna sanduku la pesa, kuna mtu anaombwa boma liwe makao makuu. Ila kwa mwanamke wa kijijini aliyempigia magoti mtu mwema aliyepita njiani miaka ya 1190, hapo Pegg anaweza kuwa na hoja.

Ukienda, gari unaacha chini barabarani, unapanda kwa mguu nusu saa au zaidi kutegemea pumzi yako, njia ni ya mawe na ikinyesha inateleza, tiketi wanakata katikati ya kupanda. Wengi wanaingia lango la ngome, wanazunguka ua, picha mbili tatu, wanashuka. Wewe ingia lango moja utokee la pili, nenda nje ya ukuta upande wa kaskazini, angalia chini kwenye mteremko: utaona misingi ya kuta fupi, vipande vya ngazi, sakafu zilizochongwa kwenye jabali zenye upana wa chumba kimoja cha kupanga Mbagala. Usizikanyage, na usikaribie ukingo maana hakuna uzio wa maana. Alafu ukishuka pitia makumbusho ya kijiji, zile dadu na vitana vipo huko, na tiketi ya ngome kwa kawaida inakuingiza na pale, kwahiyo usiitupe.